Mtu Aliyependa Foleni

Nélida Barrientos alijua jinsi watu elfu nne na mia tatu wa mji wa Valdivia walivyoitumia wiki ya pili ya mwezi wa sita, robo saa kwa robo saa, na hakumjua hata mmoja wao. Alijua nani alikwenda kumtembelea dada yake Jumapili akakaa mpaka chai ya pili, nani alipitia baa kabla ya kwenda nyumbani, nani aliandika "nimelala" saa kumi za jioni siku tano mfululizo. Majina yalikaa kwenye faili jingine lisilofunguliwa ovyo. Yeye alikuwa na namba, umri, mtaa, na rundo la madaftari yaliyorudishwa yakiwa yamevimba pembeni kwa unyevu, maana Valdivia mwezi wa sita hakuna karatasi inayobaki kavu.

Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa ya watu watano, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Ofisi za serikali ziliwakodi kuwauliza mabasi yapite wapi na kwa saa zipi. Kujua safari za kazini na shuleni ni kazi rahisi; kengele ikigonga watu huenda, wapende wasipende. Kigumu ni zile saa zinazobaki, saa ambazo hakuna anayemsukuma mtu. Atatoka au atabaki ndani? Akitoka, atakwenda wapi? Akifika, atakaa muda gani kabla hajachoka na kushika koti lake? Miaka sita Nélida alikuwa akiijenga modeli, programu ya hesabu ya kujibu maswali hayo matatu. Ndani yake kila starehe ilikuwa kama sukari kwenye kikombe: kijiko cha kwanza unakisikia ulimini, cha pili pia, cha tano hakiongezi kitu, na hapo ndipo mtu huinuka. Kahawa na rafiki, dakika hamsini na mbili. Makaburini, dakika thelathini na tano, na mvua ikinyesha ishirini. Modeli ilikuwa ikilenga vizuri kiasi kwamba bosi wake, Gastón Ruminot, mtu mwenye tumbo na moyo mwepesi, aliiita "yule mchawi wetu."

Kabla ya kugawa madaftari kwa watu, wote watano wa ofisini waliyajaza wenyewe kuyajaribu. Jioni moja Nélida aliingiza daftari lake kwenye modeli, kwa utani tu. Ikamtabiri siku zote saba bila kukosea. Akitoka kazini: nyumbani. Jumamosi: sokoni, dakika arobaini, kisha nyumbani. Jumapili: nyumbani. Wenzake ilikuwa imewakosea hapa na pale. Huyu alienda kucheza mpira bila kutarajiwa, yule aligombana na mkewe akalala kwa mama yake. Kwa Nélida haikukosea hata robo saa. Alilitazama jibu lile muda mrefu, kisha akazima kompyuta, akavaa koti, akaenda nyumbani kuwasha jiko la kuni, akala mkate na parachichi akiwa amesimama. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mume aliwahi kuwa naye; alihamia Arica, mwisho kabisa wa upande wa pili wa nchi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alikimbilia mbali kupita kiasi.

Namba 2087 ilijitokeza Jumanne moja ya mwezi wa saba. Mwanamume, miaka sabini na minne, anaishi peke yake, mtaa wa Los Arrayanes, juu kule basi namba tisa linakogeukia. Jumatatu mpaka Ijumaa alitoka nyumbani saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Kuanzia saa tatu na robo mpaka saa saba mchana, kwenye mstari wa shughuli, alikuwa ameandika kwa herufi za kuchora neno moja: foleni. Jumatatu kwa notari, ofisi ya kuthibitishia hati. Jumanne benki. Jumatano zahanati. Alhamisi kwa notari tena. Ijumaa ofisi ya pensheni.

Modeli ilisema mtu wa aina yake atoke mara mbili kwa wiki, dakika thelathini na tano kila mara.

"Huyo amejaza upuuzi," alisema Gastón, akila andazi la boga lililonunuliwa barabarani. "Mfute."

"Mwandiko wake ni safi mno kwa mtu wa upuuzi."

"Nelita, mama, tuna watu elfu nne. Mzee mmoja akitoka hatusikii hata upepo."

Alikuwa sahihi, na bado Nélida aliomba faili la majina, akapiga simu.

"Haloo."

"Naongea na don Eleodoro Catrilef?" aliuliza Nélida, kwa ile "don" ya kumheshimu mtu mzima.

"Unaongea na kilichobaki chake. Wewe ni wa benki?"

Nélida alieleza yeye ni nani. Sauti ya upande wa pili ilichangamka. "Aaa, lile daftari! Nililijaza kwa kalamu ya wino, uliona? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, don Eleodoro. Nilitaka kuuliza tu. Jumatatu ulikaa kwa notari muda wa karibu saa nne. Ulikuwa na shughuli gani pale?"

"Foleni."

"Ndiyo, lakini ulipanga foleni ya nini? Kugongesha muhuri? Kuuza kiwanja?"

"Kiwanja sina, mwanangu. Na muhuri nigongeshe wapi, kwenye paji la uso?"

"Sasa zamu yako ilipofika, dirishani ulisema nini?"

"Dirishani sifiki. Zamu ikifika nampa mtu mwenye haraka, mimi nachukua namba nyingine." Akakohoa, kisha akasema kama mtu anayekaribisha wageni sebuleni, "Njoo Alhamisi ujionee. Njoo mapema, kabla viti havijajaa."

Alhamisi mvua ilikuwa ikinyesha kwa upande, ile inayoufanya mwavuli kuwa mzigo tu. Ndani kwa notari kulinuka makoti mabichi na moshi wa kuni uliokwama kwenye sufi. Nélida alimtambua kabla hajajitambulisha: mtu mrefu, mkavu, kofia ya manyoya magotini, ndiye pekee katika chumba kizima asiyekuwa akitazama saa. Mlinzi wa mlangoni alikuwa akimtania.

"Mwenyekiti, leo umeleta mgeni? Au ndiye atakayekurithi?"

"Huyu ni mtaalamu, kaa kwa adabu. Amekuja kunipima."

Don Eleodoro alimkatia Nélida kikaratasi cha namba, hamsini na nane, akamwonyesha kiti. Kisha hakumsemesha tena kwa muda mrefu. Alikuwa na kazi. Mama mmoja mnene alikuwa na hati za shamba la marehemu baba yake na kaka wanne wasioelewana. Don Eleodoro alimsikiliza hadithi yote, akauliza majina ya kaka, akauliza shamba liko upande gani wa mto. Kijana aliyekuwa akigongesha ruhusa ya kumsafirisha mtoto alionyeshwa kwamba nakala yake haina sahihi ya mama. Mtu mmoja mwenye tai alifika akitweta, ana ndege mchana. Don Eleodoro alimpa kikaratasi chake chenye namba iliyokuwa karibu kuitwa, akainuka kukata kingine. Namba sabini na nne. Akarudi na kuketi kama aliyepandishwa cheo.

"Kwa nini?" aliuliza Nélida hatimaye. Alikuwa ameandaa maswali kumi na mawili. Likatoka hilo moja.

Don Eleodoro aligeuza kofia yake magotini. "Nimefanya kazi mnarani misimu ishirini na tisa. Mnara wa kuangalia moto, kwenye misitu ya kampuni, kule milimani. Unapanda mwezi wa kumi, unashuka mwezi wa nne. Asubuhi naita kwa redio: hakuna moshi. Jioni naita: hakuna moshi. Basi, ndiyo maongezi ya siku hiyo. Baridi ikija nakata njia msituni, peke yangu pia. Nilikuwa na mke. Alinisubiri misimu sita, wa saba akaolewa na mwoka mikate. Simlaumu, mwoka mikate yupo kila asubuhi."

"Pole."

"Ya kale hayo. Sasa sikia. Nilipostaafu wakanituma hapa hapa nigongeshe karatasi za pensheni. Sikuwahi kupanga foleni maishani mwangu, mke ndiye aliyefanya hayo, baada yake kampuni. Nimesimama pale, karibu na lile dirisha, mama mmoja mbele yangu akageuka, akaniambia: nishikie nafasi yangu, nakwenda chooni." Alielekeza kidole mahali penyewe. "Hanijui. Nafasi aliyoisubiri saa mbili nzima akaniachia mimi. Nikasimama pale nimeibana kama yai. Aliporudi akasema asante, don. Siku ile niliongea na watu wengi kuliko msimu mzima mnarani."

Nélida aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akakikata.

"Na wewe?" aliuliza mzee. "Ukitoka kazini unafanya nini?"

"Nakwenda nyumbani."

"Kuna nani?"

"Kuna jiko."

Don Eleodoro hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jina la kijiji anachokifahamu.

Alhamisi iliyofuata Nélida alirudi. Alimwambia Gastón anahakiki takwimu. Alhamisi ya tatu hakumwambia chochote. Hakuwa mwepesi wa maneno kama don Eleodoro, alikaa tu, akasikiliza mambo ya watu, urithi, talaka, gari lililouzwa mara mbili, na mara kwa mara mtu alimwuliza "wamefika namba ngapi?" naye akajibu. Ilikuwa raha ya ajabu kuwa na jibu. Mara ya tatu hiyo msichana mwenye mimba kubwa alimgusa bega. "Señora, nishikie nafasi, nanunua maji hapo chini." Nélida aliishika. Dakika kumi na moja hakuthubutu hata kupishanisha miguu. Don Eleodoro, viti viwili mbele, aligeuka akamtazama, akarudisha uso wake mbele. Msichana aliporudi na kusema asante, Nélida alijifanya anapenga kamasi.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Jumatano Gastón alikuja na kiti chake, akaketi ubavuni mwake.

"Kuna watu sitini na mmoja wana saa nyingi kwenye fungu la 'mengineyo'. Wanaharibu jedwali. Tunawatoa wote, tunafunga."

Nélida alikuwa amekwisha kuwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa wa foleni wote. Mama mmoja alikaa kituo cha mabasi ya mikoani kila alasiri, hasafiri wala hapokei mtu. Mwingine alikwenda mahakamani kusikiliza kesi za wasiomhusu. Wengi walikuwa wazee, wengi walikaa peke yao, na zaidi ya nusu walishuka mjini kwa basi namba tisa.

"Tuwafungulie fungu lao," alisema. "Wamekwenda kwa hiari yao. Hii ndiyo starehe yao, Gastón. Foleni."

"Foleni ni starehe?" Gastón alicheka mpaka kiti kikalia. "Niende mbele ya wakubwa niwaambie raia wa mji huu hujiburudisha kwa notari? Watatuuliza tulikunywa nini."

"Ni kweli lakini."

"Mambo mengi ni kweli. Nelita, ama uwafute, ama uwatie kwenye shughuli za lazima. Notari, benki, zahanati: lazima. Nani atabisha? Umewabakiza, na mimi nimepata jedwali safi. Chagua."

Alikuwa amechoka, na kuwafuta hakutaka. Kuwatia kwenye lazima kulionekana kama kuwaokoa. Alibadilisha tarakimu moja, ile ya fungu, kwenye mistari sitini na mmoja, kazi ya dakika tano, na modeli ikatulia.

Mkutano ulifanyika mwezi wa nane, katika chumba chenye zulia na chupa za maji. Gastón alizungumza, Nélida alikaa kwenye kompyuta akigeuza kurasa. Upande wa pili alikuwepo ofisa mmoja, mwanamke mwerevu, mpole, aliyekuwa ameisoma ripoti yote, jambo ambalo huwa nadra. Alisimamisha kidole kwenye jedwali la basi namba tisa.

"Hapa nimepafurahia," alisema. "Abiria wa asubuhi baada ya saa mbili na nusu, karibu wote wanashuka kwa shughuli za lazima za ofisini. Na shughuli hizi, kama mnavyojua, mwaka huu zinahamia kwenye simu. Notari atatoa miadi. Pensheni hivyo hivyo. Maana yake safari hizi zitakwisha zenyewe. Basi lipite mara moja asubuhi, na magari yanayobaki tuyapeleke kunakohitajika. Naelewa vizuri?"

"Barabara kabisa," alisema Gastón.

Yule ofisa alimgeukia Nélida, kwa heshima. "Aliyejenga modeli ni wewe, sivyo? Wewe unaonaje?"

Nélida alijua la kusema. Lilikuwa sentensi moja: hawaendi kwa sababu ya karatasi, wanakwenda kwa sababu ya watu. Alifungua kinywa. Aliona uso wa Gastón, aliona kurasa mia na arobaini zenye jina lake, aliona jinsi atakavyoonekana akieleza kwamba lazima aliyoiandika siyo lazima.

"Hesabu zimekaa sawa," alisema.

"Kazi nzuri sana," alisema yule ofisa, na alimaanisha.

Kwa notari Nélida hakwenda tena. Alijiambia ana kazi nyingi. Mwezi wa kumi, baada ya sikukuu za taifa kupita na bendera kuondolewa madirishani, alipita pale kwa miguu akaona bango la miadi mlangoni. Aliingia. Viti vilikuwa vimeondolewa, vimebaki vinne. Watu wawili walikuwa wakitazama simu zao.

"Mwenyekiti?" alisema mlinzi. "Hajaonekana wiki tatu. Alikuja siku za mwanzo, wakamwambia bila miadi haruhusiwi kukaa. Akaniuliza miadi inaombwaje. Nikamwambia: uandike shughuli yako. Akasema haya basi, akaenda zake."

Jumamosi Nélida alisubiri basi namba tisa dakika sabini. Los Arrayanes ilikuwa na ukungu. Nyumba ya don Eleodoro ilikuwa ya mbao, ndogo, imepakwa rangi vizuri, na kuni zimepangwa ukutani kwa unadhifu ulioonyesha mtu mwenye muda mwingi. Alifungua mlango akiwa na kofia kichwani.

"Mtaalamu! Karibu, karibu. Panguza miguu."

Alimpa kahawa na keki ya tufaha aliyoletewa na jirani. Waliketi mezani wakitazamana, na hapo ndipo Nélida alipogundua kwamba hawana la kuongea. Kwa notari maneno yalikuwa yakipita mbele yao yenyewe, ya mama wa shamba, ya mwenye tai. Wao waliyaokota tu. Hapa palikuwa na saa ya ukutani na paka.

"Mwaka huu mvua haitaki kuondoka," alisema don Eleodoro.

"Haitaki."

Paka aliruka chini. Nélida aliweka kikombe.

"Don Eleodoro, basi walilipunguza kwa sababu yangu."

Alimweleza yote: mafungu, watu sitini na mmoja, tarakimu moja, chumba chenye zulia na swali aliloulizwa. Hakujitetea. Mzee alisikiliza kama alivyosikiliza watu wa foleni, kichwa kimeinama upande mmoja, lakini hakuuliza swali lolote katikati.

"Kwa hiyo uliniandika kwenye lazima," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Nilipaswa kukuandika kwenye hiari."

"Nani alikuambia kwangu ilikuwa hiari?"

Nélida alikizungusha kikombe mezani.

"Mwanangu, mtu mwenye chaguo jingine ndiye mwenye hiari." Hakusema kwa ukali. Alikuwa akikwangua nta mezani kwa ukucha. "Lakini pale chumbani walikuuliza."

"Waliniuliza."

"Ukanyamaza."

"Nilisema hesabu zimekaa sawa."

"Hiyo ni mbaya kuliko kunyamaza," alisema don Eleodoro, na akainuka kuongeza kuni jikoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. Aliporudi aliuliza basi la kushuka ni saa ngapi. Nélida alisema saa kumi na mbili na dakika kumi. Ilikuwa saa tisa. Mzee aliitazama saa ya ukutani, mara ya kwanza Nélida kumwona akitazama saa, kisha akavuta kiti chake, akakigeuza, akakiweka kando ya kile cha Nélida, vyote viwili vikaelekea dirishani.

"Uso kwa uso siwezi," alisema. "Sikuzoea. Tukae hivi."

Wakakaa hivyo. Ukungu ulipanda, ukashuka. Mara moja alipita mtu na punda wa kuni na don Eleodoro akataja jina lake na ugonjwa wake. Mara nyingine Nélida alisema kitu kuhusu Arica. Ilipofika saa kumi na mbili mzee alimsindikiza mpaka kituoni, hakungoja basi lije, akapeana naye mkono na kurudi ndani.

Nélida aliandika barua kwa yule ofisa, kwa jina lake mwenyewe, kurasa tatu. Alisema amekosea na alijua anakosea. Alipanga upya mistari sitini na mmoja na kuambatisha jedwali jipya. Gastón alipojua hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kiti akamtazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu. "Ungeniambia kwanza," alisema, na tangu siku hiyo hakumwita tena Nelita. Chakula cha mchana alianza kula na wale wengine watatu, mlango umefungwa. Hakuufunga kwa ubaya, ila kulikuwa na baridi.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu mwaka uliofuata, mistari minne. Ofisi inashukuru kwa marekebisho. Baada ya kuyapitia, safari moja ya basi namba tisa itarudishwa kwa majaribio, ile ya saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Aliisoma mara mbili, akapiga simu Los Arrayanes. Ilipokelewa na sauti ya mwanamke asiyemjua, mpangaji mpya. Don Eleodoro alikuwa amehamia mji wa Osorno kwa binti wa dada yake tangu mwezi wa kumi na moja. Aliacha namba. Nélida akaipiga.

"Mjomba hayupo," alisema yule mpwa. "Asubuhi hakai. Kuna hospitali hapa karibu, anashinda huko. Nilidhani anaumwa ananificha, nikamfuata. Kumbe anakaa tu na watu. Sasa hebu niambie, hiyo ni akili?"

"Anaonekana mzima?"

"Mzima kabisa. Anakula vizuri. Nimwambie nani kapiga?"

Nélida alitaja jina lake, akaongeza kwamba ni wa Valdivia, wa daftari, na kwamba basi limerudi. Mpwa aliandika. Don Eleodoro hakupiga siku ile, wala wiki ile, na baada ya hapo Nélida aliacha kuiweka simu karibu na sahani wakati wa kula.

Asubuhi ya kwanza ya basi lile aliomba ruhusa kazini. Alipanda kwenye mwisho wa njia, Los Arrayanes, baada ya kupanda mlima kwa teksi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Walikuwa abiria saba. Mama mmoja mwenye kofia ya sufi aliketi akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na Nélida alijiuliza kama ni yule wa kituo cha mabasi, lakini hakumwuliza. Mjini walishuka wote, mmoja mmoja, kila mtu upande wake. Nélida alibaki ameketi. Basi likageuka, likaanza kupanda tena.

"Mbona hushuki, señora?" dereva aliuliza akimtazama kwenye kioo.

"Nazunguka tu."

Dereva alibadilisha gia. "Basi sogea huku mbele. Huko nyuma kunavuja."

Nélida alichukua mwavuli wake, akasogea.